Konzi Yangu ya Mbegu

Mwaka 1964, nikiwa na miaka kumi, ndipo taabu iliponianza, nayo ilianza asubuhi, kabla ya chai. Sitaisimulia yote. Wanaoisimulia wako wengi na wanajua kulia kuliko mimi. Itoshe kwamba mwaka haujesha nilikuwa sina baba, sina nyumba, na skuli nimeiachia darasa la tatu, najua kujumlisha na kutoa. Kugawa nimejifunza mwenyewe, kwa kugawiwa kidogo.

Oman nilifika nimeshaolewa, mtoto wa kike mkononi. Mababu wa mume wangu walitoka Ibra, basi Ibra tukarejea, tukapewa chumba kimoja chenye popo, kando ya falaji, ule mfereji unaogawa maji mashambani. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani; nikiomba chumvi watu wakiitikia "Amin". Kazi niliyoijua ilikuwa moja tu: kuitazama mbegu na kuitazama ardhi, nikasema hivi viwili vitasikilizana au havitasikilizana. Hiyo nilifunzwa na mama yangu, Pemba. Nikaanza kuwapandia watu viunga vyao, na ujira wangu haukuwa fedha. Nilitaka konzi moja ya mbegu ya kila kitakachovunwa, konzi ya mkono wangu mwenyewe, na mkono wangu si mdogo. Walinicheka. Baada ya miaka kumi wakawa wanakuja kwangu kununua mbegu.

Tangu hapo imekuwa sheria. Nikikushauri juu ya mmea, ukivuna unaniletea konzi yangu. Uwe na harusi, uwe na safari, uwe na uchungu wa kuzaa, konzi yangu kwanza. Kila Jumatano nakaa katika soko la wanawake hapa Ibra na makopo yangu sabini yamepangwa mkekani, na wanaokuja kuniuliza wengine ni wake wa watu wakubwa, wenye watoto mainjinia. Nawajibu. Kisha nawakumbusha konzi.

Wanangu wamekua wakijua kwamba kwa mama hapana kurudi mikono mitupu. Hilo ndilo lililotaka kuniponza.

Nina mjukuu Kanada, mtoto wa binti yangu yule niliyemleta mkononi. Anakaa upande wa magharibi, ambako mvua ikianza hupotea habari za jua mpaka watu wakasahau rangi yake. Amesoma mpaka akavaa joho mara mbili. Mwaka juzi, mwanzo wa joto, alinipigia simu ya picha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, nataka kukuuliza habari ya mbegu."

Nikakaa sawasawa. Joho mbili zinamuuliza darasa la tatu.

"Mbegu ya nini?"

Akakohoa. "Ni mmea wa dawa. Dawa ya maumivu. Huku watu wanaupanda majumbani, sheria inaruhusu miche minne kila nyumba. Nimenunua aina nne, sijui ipi itastahamili baridi na mvua. Wewe huujui bibi, hauoti huko."

"Una jina?"

"Una jina la kisayansi."

"Haya, nioneshe sayansi yako."

Akanisogezea karatasi za paketi moja moja. Alizishika kwa hila, kidole gumba kimelala juu ya picha, linaonekana ua tu. Lakini kidole gumba hakifuniki kila kitu. Nyuma ya ua la pili lilichomoza jani, vidole saba vimetanuka, meno pembeni kama msumeno.

Jani lile nimelijua kabla ya kujua kusoma. Katika shamba la karafuu la baba, kila msimu alikuja mchumaji mmoja mwenye kijishamba chake cha muhogo nyuma ya kibanda. Katikati ya muhogo alipanda kisichokuwa muhogo. Kwa mbali majani yanashabihiana, na mtu mwengine angepita hivyo hivyo, lakini mimi nilikuwa mtoto wa mama yangu. Mchumaji yule akipanda mkarafuu asubuhi akiimba peke yake huko juu mpaka magharibi, hashuki hata kula. Baba akisema hajapata mfanyakazi kama yule.

Bangi. Mjukuu wangu ananiuliza mimi, bibi yake, mbegu ya bangi.

Nina maneno mawili ya kusema hapa. La kwanza, huku kwetu bangi ni jela, na mimi sijaigusa wala sitaigusa. La pili, ile "wewe huujui bibi" ilinikera kuliko bangi yenyewe. Mtu akinifanya mjinga namwachia nafasi aendelee, nione atafika wapi. Nikatia uso wa bibi asiyejua kitu.

"Mvua inaanza lini huko?"

"Mwisho wa mwezi wa tisa, bibi. Ikianza haikatiki."

"Na maua yanakomaa lini?"

"Inategemea. Hii ya kwanza mwezi wa kumi na moja."

"Hiyo ya watu wa jua. Ndefu, imekonda, inachelewa, kama wajomba zako. Weka chini. Ya pili?"

"Ya pili ndiyo nzuri, bibi! Angalia ua lake." Ua lilikuwa nene, limejikaza kama ngumi ya mwenye hasira. "Hii imeshinda zawadi."

"Zawadi walitoa wapi, penye mvua?"

Akasoma karatasi, akaiweka chini.

Nikamweleza. Miaka saba tulikaa Jabali Akhdar, juu ya Nizwa, mume wangu alipohamishiwa kazi huko. Kule nimejua baridi na ukungu na mvua ya mawe. Mwaka wa kwanza nilichagua mbegu ya vitunguu thomu yenye vichwa vinene vya kujibana, nikajisifu kwa majirani. Ikaja mvua ya wiki nzima. Nje thomu zilikuwa nyeupe kama meno, ndani zimeoza kijivu. Kitu kilichojibana maji yakikiingia hayatoki, na upepo haupiti kukikausha. Tangu siku ile, penye mvua sichagui kikubwa wala kizuri. Nachagua kinachowahi kumaliza kabla ya mvua, na kilichojiachia upepo upite.

"Ya tatu," akasema, sauti imeshapungua, "ni fupi. Haingoji siku zipungue urefu, ikifika wiki zake inatoa ua tu."

"Hiyo haina adabu ya kusubiri. Naipenda. Panda mmoja, ikiwa mingine itafeli huo utakuponya. Ya nne?"

"Hii sijui nilinunulia nini. Asili yake milima ya baridi. Inamaliza mapema, mwezi wa tisa katikati, lakini ua lake limeachana achana, bibi. Baya."

"Hiyo."

"Mbona mbaya?"

"Na mimi mbaya, na sabini nimezifika. Panda hiyo miche mitatu. Ipande palipoinuka, maji yasisimame, mche na mche mtu aweze kupita baina yake. Asubuhi kukiwa na umande uitikise. Na konzi yangu usisahau."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona paka kakaa juu ya ufunguo wake.

Mume wangu alikuwa pembeni siku hiyo, na gazeti lake. Huyu alikuwa polisi miaka thalathini na ni mtu wa maneno machache; akisema "hm" mara mbili kwa siku, siku hiyo kahutubia. Akafunua ukurasa. Sikumtilia maanani.

Basi mjukuu wangu alifanya wafanyavyo waliosoma: alisikia nusu. Alipanda miwili yangu na miwili yake, ile ndefu na ile ya zawadi. Mwezi wa kumi alinipigia, uso umemshuka. Ya zawadi imeoza katikati, ukiigusa inatoa vumbi la kijivu. Ile ndefu imepigwa na baridi haijatoa hata ua la maana. Ile fupi imemaliza mwezi wa nane, na ile mbaya ya mlimani amevuna yote kabla ya mvua.

"Ulijuaje bibi?"

"Thomu," nikamwambia. "Sasa konzi yangu."

"Bibi, huu mmea... huu wa kike, hauzai mbegu. Tunauzuia."

"Mwanamke hazai kwa kuzuiliwa, hayo ya kwenu. Katika paketi ulizonunua mbegu zimebakia ngapi?"

"Chache. Zimo katika friji."

"Nazitaka. Kopo lake nimeshalipangusa. Nitazipanda hapa kando ya falaji, nione zitaotaje Ibra, na zikizaa nitaziuza Jumatano. Dawa ya maumivu nani haitaki? Magoti ya wanawake wote wa soko yanauma."

Wallahi nilimwona rangi ikimtoka. Alishika kichwa. Alianza kusema joto, akasema udongo, akasema ndege hairuhusu. Kila alilosema nilimjibu. Miezi minne nikamchezea hivyo, kila akipiga simu neno langu la kwanza baada ya marahaba ni konzi. Nilikuwa nikingoja aseme mwenyewe, "Bibi, nisamehe, ile ni bangi," nimwambie, "Najua, tangu kidole gumba." Hakusema. Nami sikumsaidia. Nilifurahi kama mtoto aliyepata ngoma.

Mke wa mjukuu wangu akajifungua. Binti yangu akaenda Kanada kumlea mzazi siku arubaini. Sasa yeye binti yangu ni mtu wa haki, wa kusali kwa wakati na kupanga sahani kwa ukubwa. Mzaha haumwingii hata ukiusaga. Siku moja yumo chumbani anamkanda mtoto, akanisikia kwenye simu nikimdai mwanawe.

"Mama, hajakupa konzi yako mpaka leo?"

"Hajanipa."

"Aibu hii!" akamgeukia mwanawe. "Umesomeshwa wewe, umeshauriwa na bibi yako, mkono wa bibi yako unarudi mtupu?"

Mjukuu wangu nyuma yake ananipungia mikono yote miwili. Nikacheka mpaka nikaiweka simu chini. Nilidhani yamekwisha hapo.

Jumatano moja nipo sokoni, mkeka nimeshautandaza, mama wa Kibedui jirani yangu anapanga suruali zake za kutarizi. Simu ikalia ujumbe wa sauti. Binti yangu, kutoka uwanja wa ndege wa katikati ya safari, tangazo la abiria linasikika nyuma yake.

"Mama, shikamoo. Ndiyo tunaingia kwenye ndege, saa saba mchana inshallah nipo Maskati. Babu yao anajua, atanipokea. Nawe usiwe na wasiwasi, konzi yako nimekuja nayo. Nimemlazimisha kijana mpaka akazitoa kwenye friji. Nimezifunga ndani ya soksi ya sufi, katikati ya sanduku, zisipigwe na joto. Mama, wewe umeishi kwa haki yako, na haki yako haitapotea kwangu."

Nikampigia. Imefungwa. Nikapiga tena. Imefungwa. Nikampigia mjukuu; kwao ilikuwa usiku, ikalia mpaka ikachoka.

"Kheri?" jirani akaniuliza. "Uso wako umekuwa kama chokaa."

"Kheri," nikasema, na mkono wangu umeshaangusha kopo la bamia.

Binti yangu, ambaye hajapata kuchukua hata kitana cha hoteli, yuko angani anakuja Oman na mbegu za bangi katika soksi. Na aliyezitia humo si yeye. Ni mimi, kwa ulimi wangu, kwa ajili ya kucheka.

Nilikunja mkeka saa tatu asubuhi. Haijapata kutokea. Nyumbani nilimkuta mume wangu keshavaa dishdasha ya kutokea, kilemba keshakifunga, anafuta kioo cha gari taratibu.

"Nakwenda na wewe," nikamwambia.

"Hm."

Kutoka Ibra mpaka uwanja wa ndege ni safari ya saa mbili akiendesha mtu, na tatu akiendesha mume wangu. Siku zote safarini hasemi kitu. Siku hiyo, tumefika penye njia ya kwendea Samad, akajikohoza akaanza kuzungumza.

"Zamani kazini," akasema, "tulimkamata mtu na kitu kidogo hivi. Ukubwa wa punje ya pilipili manga. Kidogo!"

"Akafanywa nini?"

"Aa. Yule maskini." Akatikisa kichwa.

Baada ya maili kumi akasema tena: "Mwanamke mmoja naye. Mtu mzima, msalihina. Akasema amepewa na mwanawe, hakujua ni kitu gani. Wote husema hawakujua."

"Lakini ikiwa kweli hajui?"

"Sheria haina mlango wa kutojua, bi mkubwa."

Mimi nimepita baharini na mtoto mkononi, nimelala na popo, nimechimba jabali kwa jembe la kukopa, sikutetemeka. Lakini ndani ya gari ile, kiyoyozi kimefunguliwa, jasho lilinitoka mpaka mtandio ukanata. Nilikuwa nikisoma kila sura niliyoihifadhi, na nikimaliza naanza tena. Kufika Bidbid nikaona roho haihimili.

"Bwana, simamisha gari."

"Unataka choo?"

"Simamisha."

Akasimama ukingoni. Nikamwambia yote, tangu jani nyuma ya kidole gumba mpaka soksi. Sikujipunguzia. Nikamwambia: "Tukifika, mimi nitaingia kwa hao askari kabla hajafungua sanduku. Nitasema mbegu ni zangu, nimeziagiza mimi, binti yangu mjinga hajui lolote. Wanifunge mimi. Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha, yeye ana watoto." Kisha nikasema neno ambalo katika miaka hamsini ya ndoa sikupata kulitamka nyumba ile, hata siku niliyoiunguza dishdasha yake ya Idi. "Nimekosa."

Alitazama mbele. Akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Hm," akasema. Akatia gia.

Uwanjani sikuona askari wa kumwambia. Alinishika mkono, mkono wa polisi, akanikalisha kiti cha mbele ya mlango wanaotokea abiria. "Kaa hapa. Usiseme kitu na mtu." Nikakaa. Watu wakatoka, mzungu na baiskeli yake, maharusi, mzee na sanduku limefungwa kamba. Binti yangu hakutoka. Nikahesabu mara mbili makopo yangu yote sabini kwa kichwa, na yeye bado.

Akatoka. Anasukuma kigari, anacheka, anasema sanduku lake limekuja la mwisho. Nikamkumbatia mpaka akasema, "Mama, mbavu."

Garini, kabla ya kuwasha moto, mume wangu akageuka nyuma akanyoosha kiganja.

"Ilete hiyo konzi ya mama yako."

"Bwana," nikasema.

"Ilete."

Binti yangu akafungua sanduku kwa fahari, akatoa soksi, akaifungua fundo. Mume wangu akamimina kiganjani. Punje za mviringo, za hudhurungi, zenye mistari mistari. Akazisogeza chini ya pua yangu. Nikanusa. Katika maisha yangu yote sijapata kunusa manukato mazuri kama yale.

"Giligilani," nikasema.

"Giligilani," akasema yeye, na mabega yakaanza kumtikisika.

Kumbe mjukuu, mama yake alipombana, alimpigia babu yake. Akamwambia yote, analia. Babu akamwambia: mtilie giligilani kwenye soksi, usimwambie mama yako, usimwambie bibi yako, na siku ya safari asubuhi ya huku bibi yako akikupigia, usipokee. Jani lile alikuwa keshaliona siku ya kwanza, kwa pembe ya gazeti. Miaka thalathini ya polisi! Na zile hadithi za kukamatwa watu njiani, nyingine, akakiri, alizitunga penye njia ya Samad.

"Wewe," nikamwambia, "umenitesa mimi saa tatu."

"Na wewe kijana umemtesa miezi minne." Akapangusa macho. "Lakini mimi sikukufanyia kwa ajili ya kijana. Nilitaka kusikia lile neno ulilolisema Bidbid. Nimelingoja miaka hamsini. Hebu liseme tena, binti yako naye alisikie."

"Washa gari," nikasema.

Binti yangu nyuma anauliza, "Neno gani? Giligilani ina nini? Mbona sielewi?" Tulimweleza mpaka Ibra. Alifika kwangu kanuna, na alinuna siku tatu, na hizo nilistahili.

Mjukuu nilimpigia siku ya pili. Alipokea.

"Marahaba," nikamwambia kabla hajaniamkia. "Mwakani miche yote minne panda ile mbaya ya mlimani. Ile ya zawadi usinunue tena. Na konzi yako nimekusamehe."

"Bibi, ulijua tangu lini?"

"Kidole gumba chako kidogo, mwanangu. Umekirithi kwa babu yako."

Leo ninavyomiliki ni hivi. Nyumba moja Ibra, vyumba vitano, bila ya popo. Kiunga cha mitende kumi na minne, na zamu yangu ya maji ya falaji. Mbuzi wanane. Nafasi ya mkeka mmoja katika soko la wanawake. Makopo sabini na moja ya mbegu, la mwisho ni la giligilani, nayo imeota vizuri. Soksi ya sufi, mguu mmoja. Mume mmoja.